Fedha ya Jina la Mama

Familia ya kisa hiki ni ya Tanga, na majina yao nayaacha kwa sababu waliopita njia hiyo ni wengi. Mama yao alikuwa mkunga wa zahanati kwa miaka mingi. Ulipotimia mwaka tangu afariki, watoto wake wanne walikubaliana kumkumbuka kwa onyesho la taarab, mapato yote yakanunue kitanda cha kujifungulia pale alipokuwa akifanya kazi. Mama aliipenda taarab. Alikulia katika mji uliotupa Black Star na Lucky Star, na wakunga wenzake walizoea kumsikia akiimba chinichini zamu ya usiku. Baba mdogo alishauri wasome hitima, wapike pilau, kisha fedha wazipeleke kimya kimya. Walimsikiliza kwa adabu, wakaendelea na mipango yao.

Nia yao ilikuwa safi, siitilii shaka hata kidogo. Kilichowaponza ni muhali. Katika jambo la mama, nani atamdai ndugu yake risiti? Michango ilipoanza kuingia ilielekezwa kwenye simu ya kaka yao wa tatu, kwa kuwa yeye ni mfanyabiashara na laini yake imezoea kupokea fedha nyingi. Hakuna aliyethubutu kusema ifunguliwe akaunti yenye watia saini wawili, asije akaonekana anamshuku nduguye. Basi fedha ya mama ikalala pamoja na fedha ya vipuri vya pikipiki, na siku mzigo wa dukani ulipotakiwa kulipiwa, kaka akachukua kidogo, akikusudia kurudisha.

Matumizi nayo yakaenda hivyo hivyo. Dada mkubwa alipendekeza sare za familia. Baada ya sare zikaja fulana zenye picha ya marehemu, keki, mapambo ya ukumbi, jenereta ya akiba, mpiga video. Kila kimoja kililetwa kwa maneno yale yale: "Ni mama huyu." Bajeti haikuwahi kuandikwa, kwa hiyo aliyetaka kukataa hakuwa na pa kushika, angekataa, angeonekana hana uchungu.

Usiku wenyewe ukumbi ulijaa. Kina mama walinyanyuka kwa madaha kwenda kumtunza mwimbaji, noti zikimwagwa miguuni pake, na kijana wa kikundi mwenye mkoba mweusi begani akiziokota moja moja. Dada mkubwa akamfuata nyuma ya jukwaa, akamwambia usiku huo ni wa hisani, kwa hiyo tuzo zote ni za zahanati. Kijana akajibu kwa upole, "Dada yangu, tulikubaliana malipo ya kikundi. Tuzo hatukuzizungumza." Alikuwa na haki. Anayetunzwa katika taarab ni mwimbaji na kikundi chake, na mwenye shughuli akitaka iwe vingine hana budi kusema mapema na kuliandika kwenye mkataba. Waliobishana nyuma ya jukwaa walisikika mpaka viti vya mbele.

Kisha mshereheshaji akawaita watu watoe ahadi. Mmoja akaahidi magodoro, mwingine fedha taslimu mwisho wa mwezi, vigelegele vikapasua ukumbi. Majina yaliandikwa nyuma ya kadi ya mwaliko, na kadi ikapotea watu walipokuwa wakikusanya viti.

Walipomaliza kulipa ukumbi, vyombo, kikundi na deni la sare, kilichobaki hakikufika nusu ya bei ya kitanda. Na walipokwenda zahanati kujieleza, mganga mfawidhi akawaambia kitanda walishapata. Shida yao ilikuwa tangi la maji. Wajawazito walikuwa wakija kujifungua na ndoo zao kutoka nyumbani. Kati ya wale watoto wanne, hakuna aliyekuwa amefika pale kuuliza.

Haya hayawapati wasio na uzoefu wa kuandaa shughuli peke yao. Tarehe 1 Agosti 1971, wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walifanya maonyesho mawili Madison Square Garden, New York, kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Mlangoni pekee zilipatikana zaidi ya dola 243,000, nazo zikafika UNICEF bila kuchelewa. Lakini taratibu za kulifanya onyesho litambuliwe na mamlaka ya kodi ya Marekani kuwa la hisani hazikukamilishwa kabla, na fedha nyingi zaidi, zile za albamu na filamu, zikanasa katika ukaguzi. Sehemu kubwa ilitoka miaka ya 1980. Mtoto aliyekuwa mchanga kambini alikuwa ameshavuka miaka kumi.

Kwa hiyo, kabla hujampigia simu mwimbaji yeyote, nenda kwa wale unaotaka kuwasaidia na upate barua yao inayosema wanahitaji nini na kwa bei gani. Muone afisa utamaduni wa wilaya kuhusu vibali, ujue na masharti ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Fedha iwe na akaunti yake, na mmoja wa watia saini asiwe wa familia. Kwa familia ile, mkunga aliyefanya kazi na mama yao angefaa sana. Sare na keki wazilipie wanaozitaka, kutoka mifukoni mwao, kwa sababu hiyo ni shughuli ya familia, na aliyenunua kadi hakuinunua kwa ajili hiyo. Shilingi iliyotolewa kwa jina la mama yako ni ya yule mjamzito mwenye ndoo tangu ilipotolewa. Soma hesabu mbele ya waliochanga, hata kama ni chache, hata kama zinaaibisha.

Nawe uliyesimama ukumbini ukashika kipaza sauti na kuahidi, usingoje kukumbushwa. Wafiwa wanakuonea haya. Mtafute mganga mfawidhi mwenyewe, umkabidhi ulichoahidi, na udai risiti.