Ushindi wa Dawa na Mizani Yetu



Wazazi kadhaa wametuuliza swali ambalo yafaa tulijibu kwa makini. Je, ni vyema Mkristo amruhusu mtoto wake ashike riadha, wakati kila mara twasikia redioni kuwa mwanariadha fulani, tena wa nchi jirani, amefungiwa kwa kutumia dawa? Wanaouliza huongeza kusema, "Afadhali acheze mpira, maana mpira ni mchezo safi."

Maneno hayo yamebeba hukumu mbili. Ya kwanza ni juu ya dawa, na ya pili ni juu ya michezo yenyewe, upi safi na upi mchafu. Sisi twaona kuwa hukumu ya kwanza ni ya haki, ila wengi wetu hatujui sababu yake. Hukumu ya pili si ya haki hata kidogo.

Tuanze na dawa. Mwezi Oktoba 2024 Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, akawa mwanamke wa kwanza duniani kumaliza mbio hizo chini ya saa 2 na dakika 10. Mwezi Machi 2025 alipimwa mkojo, ikaonekana dawa iitwayo haidroklorothiazaidi, na mwezi Oktoba mwaka huohuo akafungiwa miaka mitatu. Rekodi ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa ilitangulia kosa hilo.

Sasa, wazee wetu wenye shinikizo la damu wanaifahamu dawa hiyo hata kama jina lake ni gumu. Ni kidonge kile cha kupunguza maji mwilini, ambacho mtu akimeza huenda haja ndogo mara kwa mara. Mwanariadha amekatazwa kukitumia kwa sababu chaweza kuficha alama za dawa nyingine katika mkojo. Hali kadhalika ile dawa iitwayo EPO, ambayo imewaangusha wengi, hospitalini hupewa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Inaongeza chembe nyekundu za damu, nazo ndizo zichukuazo hewa safi kuipeleka misulini.

Basi uovu haumo katika kidonge. Kidonge hichohicho kinamponya bibi yako. Uovu uko wapi?

Wako wasemao kuwa kosa ni kupata nguvu ambazo si zako mwenyewe. Jibu hilo halitoshi. Mtu aliyezaliwa kwenye milima ya Mbulu au Karatu ana damu iliyozoea hewa nyepesi, na hiyo ni faida ambayo mtoto wa Musoma hana. Anayekunywa maziwa kila siku anamshinda anayelala na njaa, na mwenye viatu bora anamshinda aliye peku. Hakuna awaitaye wezi. Tena orodha ya dawa zilizokatazwa hubadilika. Kafeini, ile iliyomo katika kahawa na chai, ilikuwa katika orodha hiyo, ikaondolewa mwaka 2004. Je, twaweza kusema kuwa kahawa ilikuwa dhambi mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikatakasika? La hasha.

Tutazame mfano wa ziwani kwetu. Kokoro ni kamba na nyuzi tu, wala hakuna dhambi katika uzi. Lakini sheria imelikataza kwa sababu linazoa samaki wachanga pamoja na mazalio yao. Mvuvi mwaminifu ameweka kokoro lake kando, akanunua nyavu za matundu yanayoruhusiwa, akaridhika na samaki wachache. Anayetoka usiku na kokoro hamwibii Bwana Samaki wa serikali. Anamwibia jirani yake aliyetii, kwa maana anavua kile ambacho mwenzake amekiacha kwa hiari ili kesho kiwe cha wote. Kipimo cha tundu kingeweza kuwa kingine. Lakini kikisha kuwekwa, na wengine wakakitii, kinakuwa ahadi kati ya watu.

Michezo ni hivyo. Watu wanane wanapoinama mstarini wakingoja mlio wa bastola, wamekwisha kuahidiana, ingawa hakuna aliyefungua kinywa. Anayetumia dawa kwa siri anataka wenzake wadumu katika ahadi hiyo, na yeye peke yake aivunje. Wote wakitumia, hana faida. Faida yake yatokana na uaminifu wa wengine. Hapo ndipo palipo kosa. Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo Waraka wa Pili, sura ya 2, alitumia mfano wa mwanamichezo na taji lake, na hakutazama mbio tu, alitazama na kanuni zake.

Aibiwaye ni mtu mwenye jina. Mwaka 2008 huko Beijing, katika fainali ya mita 1500, Rashid Ramzi wa Bahrain alitangulia, na kijana wa Kenya wa miaka 19, Asbel Kiprop, akawa wa pili. Mwaka uliofuata Ramzi alivuliwa medali kwa sababu ya dawa, na dhahabu ikawa ya Kiprop. Lakini siku ile mbele ya uwanja mzima ilikuwa imekwisha kupita, na wimbo wa taifa lake haukupigwa. Nani awezaye kumrudishia mtu siku?

Na habari haikuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 2017 Kiprop huyohuyo alipimwa, ikaonekana EPO. Alikana, lakini mwaka 2019 alifungiwa miaka minne. Twalitaja jambo hili si kwa kumcheka. Linatufundisha kuwa kudhulumiwa hakumpi mtu kinga asije naye akashtakiwa kwa kosa lilelile. Tusigawanye watu kuwa kundi la wema na kundi la waovu, halafu tukajiweka sisi katika kundi la kwanza.

Wengine watasema, "Mkimbiaji ni maskini, na zawadi ya mbio moja yaweza kujenga nyumba na kusomesha wadogo zake wote." Ni kweli, na tuwahurumie. Yafaa pia tuwakasirikie matabibu na mawakala wanaowauzia vijana dawa hizo kisha wakajificha. Lakini yule aliyesukumwa kutoka nafasi ya kwanza hadi ya pili naye ana mama na wadogo zake. Huruma yetu ikimfikia mmoja na kumsahau mwingine, si huruma kamili.

Sasa tuje kwenye hukumu ya pili, kwamba riadha ni mchezo mchafu na mpira ni mchezo safi.

Tuulize kwanza: mbona twasikia sana habari za wanariadha? Sababu moja ni kwamba wanatafutwa. Mkimbiaji mkubwa hutakiwa kutoa habari kila siku mahali atakapopatikana, na wapimaji huweza kumgongea mlango alfajiri bila taarifa. Wilson Kipsang, aliyewahi kushika rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka minne mwaka 2020 hasa kwa kukosekana alipotafutwa, wala si kwa kukutwa na dawa. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na dawa hizi mwaka 2016. Nyumba inayofagiliwa kila siku hutoa taka nyingi mlangoni. Mpita njia akisema nyumba hiyo ndiyo chafu kuliko zote, amekosea, maana hajaingia katika nyumba isiyofagiliwa.

Hatusemi kuwa riadha ni safi. Makosa yake ni mengi na ni ya kweli. Twasema kuwa idadi ya waliokamatwa haitoshi kuwa mizani. Mpira nao una kesi zake. Diego Maradona aliondolewa katika Kombe la Dunia la 1994 kwa dawa ya efedrini. Paul Pogba wa Ufaransa alipimwa mwaka 2023, akafungiwa miaka minne, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa miezi 18. Nani kati yetu aliyesema siku hiyo kuwa mpira umeoza? Tulisema, "Masikini Maradona!" Mkimbiaji mmoja akianguka twalaumu mchezo wote na taifa lake zima. Mchezaji wa mpira akianguka twamlaumu yeye peke yake, tena kwa huzuni. Tofauti ni kwamba mpira twaupenda.

Na huku nyumbani je? Timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imefuzu kwenda fainali za Afrika za mwaka 2005, ikaondolewa kwa kumchezesha mtu aliyezidi umri. Mwaka 2017 Kongo Brazzaville ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji wake, nasi tukapewa nafasi yao kwenda Gabon. Mara ya kwanza wengi tulinung'unika, na mara ya pili tukashangilia, ingawa kanuni ilikuwa ileile.

Sisi tuliofundisha tunawafahamu mamluki. Ni mashindano gani ya shule yasiyokuwa na kijana mwenye ndevu, aliyeletwa kutoka mtaani na kuvalishwa jezi ya darasa la sita? Watu wazima hucheka, na wengine humbeba mabegani akifunga bao. Lakini yuko mtoto halali wa darasa la sita aliyekaa nje siku hiyo akitazama nafasi yake ikichezwa na mtu mwingine. Naye ameibiwa kama Kiprop alivyoibiwa Beijing, ila hatapewa medali miaka inayofuata. Na walioshangilia walikuwamo waalimu wake, wazazi, na watu wa kanisani.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi ni hili: mruhusuni mtoto akimbie. Suleiman Nyambui, mwana wa Majita hapa Mara, alipata medali ya fedha ya mita 5000 huko Moscow mwaka 1980, katika michezo ileile Filbert Bayi alipopata fedha ya kuruka viunzi na maji. Mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha, katika marathoni ya Tokyo. Alilingana saa na Mjerumani Amanal Petros, hata picha ikabidi iamue. Mtoto aangaliapo mbio kama hizo hujifunza kuwa hatua moja ina thamani, na kuwa yafaa iwe hatua yake mwenyewe.

Ila nasi tuna kazi. Mtoto arudipo nyumbani na kikombe, tumuulize alivyokipata kabla ya kupiga vigelegele. Akipewa kidonge au unga wa kuongeza nguvu na mtu asiyemjua, akatae, na aumwapo amweleze daktari kuwa anashindana. Na timu ya mtaa wetu ikimleta mamluki, tumwambie mwalimu au kiongozi aliyemleta kuwa hatutaki ushindi huo, hata kama mchezo wenyewe ni fainali, na hata kama wapinzani ni wale tunaotaniana nao mwaka mzima.