Mabao Nane na Ukimya Wetu

Mwanzoni mwa mwaka 2016, sisi wa Nyarugusu tulipata matokeo ya mpira kabla giza halijaingia. Geita Gold imeifunga JKT Kanembwa 8 kwa 0. Katika kundi hilohilo la Ligi Daraja la Kwanza, Polisi Tabora nayo ilikuwa imeifunga JKT Oljoro 7 kwa 0. Timu moja tu ya kundi ndiyo ingepanda Ligi Kuu, na ilionekana ni ya kwetu. Aliyewahi kucheza hata chandimu angejiuliza mabao 15 yametoka wapi siku ya mwisho. Hatukujiuliza. Tulishangilia.

Baadaye TFF ikaamua kwamba mechi hizo zilipangwa. Timu zote nne zikashushwa, watu kadhaa wakafungiwa, na Mbao FC ya Mwanza ikapandishwa.

Sasa sisi tuliokaa kwenye redio, hatukupokea hata shilingi. Je, tuna hatia gani?

Kule Marekani, mwaka 1919, wachezaji wanane wa timu ya besiboli ya Chicago White Sox walituhumiwa kuuza fainali dhidi ya Cincinnati. Mahakama iliwaachia mwaka 1921, lakini mkuu wa mchezo huo akawafungia maisha. Mmoja wao, Buck Weaver, hakuchukua fedha na alicheza vizuri. Kosa lake ni kwamba alijua akanyamaza. Aliomba kusafishwa jina mpaka alipokufa mwaka 1956. Adhabu ikaondolewa mwaka 2025. (Sisi Walutheri hutamka ondoleo la dhambi kwa mtu mwenye masikio ya kulisikia. Miaka 69 ni kuchelewa sana.)

Walawi 5:1 inambana Weaver: aliyejua jambo asilishuhudie, atauchukua uovu wake. Lakini sisi hatukujua, tulishuku tu. Na hapa tusijihukumu haraka, maana amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther katika Katekisimo Ndogo anatutaka tuyachukulie mambo ya jirani kwa upande ulio mwema. Kumwita mtu mla rushwa kwa sababu tu amefungwa mabao manane ni dhambi pia. Kwa hiyo huenda kunyamaza kwetu kulikuwa upendo?

Tungependa iwe hivyo. Lakini tujiulize: kama Tabora ndio wangepata nane na sisi saba, tungenyamaza? Hata chai ya asubuhi isingenyweka kwa kelele. Basi hatukuwa tunalinda jina la jirani yeyote. Tulikuwa tunalinda furaha yetu, tukaiita upendo.

Tabia hiyo tunaijua kwenye mizani ya dhahabu. Mchimbaji akipunjwa pointi moja, anaita mashahidi, anaapa, anataka mizani nyingine. Mizani ikikosea upande wake, anakunja noti, anamshukuru Mungu, na Jumapili sadaka inakuwa nono. Nasi wachungaji tunaipokea bila kuuliza. Tusijitoe kwenye hesabu hii. Amri ya saba haisemi mwizi ni yule aliyeshika mizani tu.

Geita Gold ilirudi ikapanda mwaka 2021. Msimu wake wa kwanza Ligi Kuu ilimaliza ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Tuliyahesabu moja moja, na furaha ile haikuhitaji mtu kunyamaza.

Lakini wale vijana wa Mbao, ambao nafasi yao ilikuwa imekaribia kupotea kwa mabao yale, hatukuwahi kuwataja hata katika maombi. Mwaka 2017 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, Dodoma, wakafungwa na Simba 2 kwa 1. Tuliisikiliza mechi ile pia, na wengi wetu tulikuwa upande wa Simba.