Chungu Kisicho na Shahidi

Mtu akionyeshwa mtungi wa zamani, huuliza kwanza umri wake, kisha bei. Maswali haya mawili yamezoea kwenda pamoja hata wengi huyaona kuwa swali moja: chombo kikiwa cha kale zaidi kina thamani zaidi, na mwenye fedha ya kukinunua ndiye mwenye haki ya kukiweka sebuleni kwake. Naamini liko swali linalotangulia yote mawili, nalo ni la dhamiri kabla ya kuwa la elimu au la biashara. Je, mtu anaweza kumiliki kwa haki kitu ambacho chimbuko lake limefutwa? Nasema hawezi. Anaweza kukishika, kukifungia kabatini na kukirithisha wanawe, lakini kile chombo kilichokuwako kabla ya kung'olewa mahali pake hakimo tena mikononi mwake. Nyanda za Juu Kusini, ambako udongo umefinyangwa, ukatumika na kuzikwa ardhini kwa karne nyingi, zinatoa ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili.

Tuanze na Ikombe, kijiji cha Wakisi kando ya Ziwa Nyasa, jirani na Matema wilayani Kyela, chini ya Milima ya Livingstone. Wanawake wa huko hufinyanga bila gurudumu. Mfinyanzi huinua ukuta wa chungu kwa vidole huku akikizungusha taratibu, hukipunguza unene kwa kukwangua, kisha hukisugua kwa kokoto laini mpaka kinang'aa. Baadaye hukipaka udongo mwekundu na kukichorea nakshi nyeupe, na mwishoni hukichoma mahali pa wazi kwa kuni na majani makavu. Vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, na kutoka hapo hupanda Tukuyu na Mbeya. Daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn, ambaye kitabu chake juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma kilitoka mwaka 1906, aliukuta ufinyanzi huo ukiwa tayari ni kazi kongwe yenye sifa ziwani kote. Sasa chukua chungu cha bibi na cha mjukuu wake, vyote viwili viwe vimekaa juu ya mafiga kwa misimu michache. Moshi wa kuni huzeesha udongo haraka kuliko miaka, na jicho la mkusanyaji, hata lenye uzoefu, laweza kudanganyika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imechora mstari wake kwenye mwaka 1863: chombo kilichotengenezwa kabla ya hapo ni cha kale kwa macho ya sheria. Sheria haina budi kuchora mstari mahali fulani, na siulaumu. Lakini hakuna mdomo wa chungu ulioandikwa 1862 au 1864. Kama umri ndio unaokifanya chombo kiwe vile kilivyo, basi mara nyingi hatuna njia ya kukijua kwa kukitazama tu.

Wapo watakaosema kwamba maabara itamaliza ubishi huu. Ipo kweli njia ya kupima lini udongo ulichomwa. Chembe za madini zilizomo ndani yake hukusanya nishati ya mionzi kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, moto wa mfinyanzi huifuta yote, kisha mkusanyiko huanza upya. Kipande kikipashwa moto tena maabara, nishati hiyo hutoka kama mwanga, na kutokana na wingi wa mwanga huo wataalamu hukadiria muda uliopita. Lakini sehemu ya mionzi hiyo ilitoka katika ardhi iliyokizunguka chombo kilipokuwa kimefukiwa. Chombo kikiletwa mezani bila kujulikana kilifukuliwa wapi, hesabu ya sehemu hiyo inabaki kuwa ya kubahatisha, na jibu hupanuka likabeba miaka mingi mno huku na huku. Hata sayansi, basi, inamwomba shahidi. Inataka kujua ulikitoa wapi, katika kina gani, na kandokando ya nini.

Mfano wa upande wa pili uko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, eneo lililokuwa sehemu ya Mbeya kabla ya Mkoa wa Songwe kuundwa mwaka 2016. Hapo watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwenye vyungu kwa vizazi vingi, na wakaacha malundo ya vigae. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walipochapisha matokeo ya uchimbaji wao mwaka 1968, vigae hivyo vilionyesha kwamba kazi ya chumvi ilikuwa ikiendelea hapo tangu yapata karne ya 13. Hakuna dalali atakayetoa hata shilingi mia kwa kigae cha Ivuna, kwa kuwa hakina umbo la kupendeza wala hakisimami mezani. Hata hivyo kimetueleza watu walikuwa wapi, walifanya nini na kwa muda gani, wakati mtungi mzima unaong'aa katika duka la vitu vya kale, usiojulikana ulikotoka, unatueleza tu kwamba kuna mtu aliufinyanga. Kigae kimeushinda mtungi kwa sababu kilikutwa kwao.

Hapa ndipo swali linapogeuka kuwa la dini. Tangu Uheheni hadi Unyakyusa, wazee waliotambika waliwapelekea wahenga pombe makaburini, na pombe haibebwi kwa viganja. Chombo kilichopelekwa huko hakikuwa tena cha jikoni. Pwani nako mambo yalikuwa na sura yake: kwenye makaburi ya Kunduchi na Kaole, Waislamu wa kale walipachika mabakuli ya kauri kutoka China katika kuta na nguzo. Mengi yameshabanduliwa, na leo anayefika anaona mashimo ya duara mahali yalipokuwa. Bakuli lililobanduliwa limekuwa kauri moja miongoni mwa maelfu yaliyouzwa Bahari ya Hindi yote, na nguzo nayo imenyang'anywa sehemu ya kile ilichosema juu ya marehemu. Mkristo au Mwislamu wa leo anaweza kunijibu kwamba tambiko si ibada yake, na kwamba kuheshimu chungu cha wahenga ni kurudi kwenye ushirikina. Sioni hivyo. Kutokuiba amana ya marehemu si kumwabudu. Tena vitabu vyenyewe vya imani hizi mbili vinamweleza binadamu kwa mfano wa ufinyanzi: Yeremia anatumwa nyumbani kwa mfinyanzi, na Sura Ar-Rahman inasema mtu aliumbwa kwa udongo mfano wa ule wa vyombo vya kufinyangwa. Hakuna hata kimoja kinachompima mtu kwa udongo wake. Vyote vinamtazama aliyeumba na kusudi lake. Anayekubali hilo kwa nafsi yake atapata tabu kukataa kwamba chungu nacho kilikuwa na kusudi.

Pingamizi zito zaidi ni la uokoaji. Bila mkusanyaji, wanasema, chombo kingevunjwa na jembe au kutupwa jalalani, na afadhali kiwe kabatini kuliko kisiwepo. Kuna ukweli ndani yake. Lakini Iringa inafahamu vizuri nini hutokea kitu kinapohifadhiwa bila ushahidi. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898, na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini miongo mitatu ikapita. Gavana wa Tanganyika Edward Twining alipokwenda Bremen kulitafuta, alikuta mafuvu mengi, na ikabidi achague kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na kwa alama ya risasi. Fuvu lililochaguliwa lilirudi Kalenga mwaka 1954, na Wahehe wakalipokea kwa heshima iliyostahili. Hata hivyo mjadala wa kama ndilo lenyewe haujaisha. Fuvu hilo lilihifadhiwa vizuri kabisa, halikuvunjika wala kuoza. Kilichopotea ni neno la kuaminika la nani ni nani, na hilo likishapotea hakuna kabati linaloweza kulirudisha. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mabaki ya mtawala aliyetajwa katika mkataba wa mataifa, chungu cha mwanamke asiyetajwa popote kitakuwa na bahati gani?

Haimaanishi kwamba ni vibaya kukusanya. Wakisi wamefinyanga ili wauze kwa vizazi vingi, kwa kuwa ardhi yao ya kulima ni finyu na chungu ndicho kilichowaletea chakula. Kununua chungu Lyulilo kwa bei ya haki ni kumheshimu mfinyanzi, na naona fahari nyumba za Mbeya zinapopambwa kwa vyungu hivyo. Pia siwezi kumhukumu mwenye shida anayeuza mtungi wa nyumbani ili alipe ada ya mtoto. Lawama inamwangukia mnunuzi anayeondoka bila kuuliza, kwa sababu kuuliza hakumgharimu kitu: nani alikifinyanga chombo, kilitumika kwa kazi gani, kilikaa kwa nani. Karatasi moja yenye majibu hayo, ikiambatana na chombo daima, ndiyo inayomfanya awe mtunzaji.

Na wewe unayechimba msingi wa nyumba Mafinga, Rungwe au pembeni mwa mji wa Iringa, ukikuta chungu usikitoe. Piga picha kikiwa palepale, simamisha jembe upande huo, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji au kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Kuchimbua mambo ya kale bila kibali ni kosa kisheria, na hakuna mtaalamu atakayeweza kukirudisha chungu mahali ulipokitoa.