Anayeuliza Asichekwe

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Maneno haya twayajua sote na twayarudia mara kwa mara. Lakini je, twayashika? Mtoto anapouliza neno tusilolijua, au neno linalopingana na tulivyozoea, mara nyingi jibu letu la kwanza ni kicheko, na la pili ni karipio. Juma hili twapenda kulitafakari jambo hilo pamoja na wasomaji wetu, maana twaona kwamba si jambo la adabu tu, bali ni jambo la haki. Swali letu ni hili: mtu mkubwa ana wajibu gani mbele ya swali la mtu mdogo?

Tuanze hapa nyumbani. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Lushoto, alikuwako mwanafunzi wa kidato cha tatu, jina lake Erasto Mpemba. Wanafunzi wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu yagande. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa haba. Mwenzake aliharakisha kuweka maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayaweka ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu alirudi, akakuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake yangali mazito kama uji. Akastaajabu.

Alimwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganya mambo. Baadaye, alipokuwa katika shule ya Mkwawa huko Iringa, aliuliza tena. Akajibiwa kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe, siyo ile ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea, darasa zima lilimtania kwa maneno hayo. Lakini kijana hakukata tamaa. Siku moja Dr. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu huko Dar es Salaam, alifika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akamwuliza: Vyombo viwili vyenye maji kiasi kilekile, kimoja cha digrii 35 na kingine cha digrii 100, vikiwekwa pamoja katika jokofu, kwa nini kile cha digrii 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Mgeni hakucheka. Alijibu kwamba hajui, akaahidi kujaribu. Jaribio likafanywa Dar es Salaam, na maji ya moto yakatangulia kweli. Mwaka 1969 mwalimu huyo na Mpemba walitoa taarifa yao pamoja katika jarida la elimu ya fizikia linalochapwa Uingereza, na hadi leo jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Hatusimulii haya ili tujivune kwa ajili ya kijana wetu. Ukweli ni kwamba mpaka sasa wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2016 baadhi yao walipima upya kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Wengine husema kwamba jambo hilo hutokea, lakini katika hali fulani tu. Basi na tuulize: Kama siku moja itathibitishwa kwamba Mpemba alikosea, je, waliomcheka watakuwa wametenda vema? Hasha! Osborne mwenyewe alikiri baadaye kwamba alipolisikia swali lile alidhani kijana amekosea. Hakumsikiliza kwa sababu alimwamini. Alimsikiliza kwa sababu alijua kwamba shaka ina dawa moja tu, nayo ni kupima. Kicheko hakipimi kitu.

Pengine msomaji atasema kwamba aiskrimu ni jambo dogo, wala hakuna aliyekufa kwa kuichekea. Basi na twende mbali kidogo, mpaka mji wa Vienna, mahali ambapo dharau ya namna hiyo iliua.

Katika hospitali kuu ya mji huo palikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika ya kwanza walihudumu madaktari na wanafunzi wao. Katika ya pili walihudumu wakunga. Mwaka 1846 wodi ya madaktari ilipokea wazazi 4,010, wakafa 459. Wodi ya wakunga ilipokea 3,754, wakafa 105. Wanawake wa mjini waliijua tofauti hiyo, wakalia na kusihi wasipelekwe wodi ya kwanza. Lakini ni nani aliyetaka kuwasikiliza wanawake maskini na wakunga? Sisi Waswahili twaambiwa tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wakubwa wa Vienna hawakuijua methali hiyo.

Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, Mhungari, hakuweza kustahimili kuziona hesabu zile. Mwezi Machi 1847 rafiki yake, daktari pia, alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za wazazi. Hapo Semmelweis akafahamu. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kwa wazazi, wakipeleka mauti mikononi mwao. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini. Mwaka 1848, katika wodi ile ile ya kwanza, kati ya wazazi 3,556 walikufa 45 tu.

Ingetazamiwa kwamba wakubwa wangeshangilia. La! Wengi walikataa. Maana kukubali neno lile kulikuwa ni kukiri kwamba mikono yao wenyewe, mikono ya mabwana wenye elimu, ndiyo iliyoua. Semmelweis yeye alikiri. Alisema waziwazi kwamba Mungu peke yake ndiye ajuaye idadi ya wanawake walioingia kaburini kabla ya wakati kwa sababu yake, maana naye alikuwa amepasua maiti nyingi. Hapa twaona chanzo cha kicheko chetu. Mara nyingi hatucheki kwa sababu swali ni la kipumbavu. Twacheka kwa sababu jibu lake litatudai kitu. Na anayeshindwa kusema "nilikosea" huwalipisha wengine deni lake.

Lakini haki ina pande mbili. Kuna watakaotuuliza: Je, basi tumsikilize kila mtu? Tumpokee kila mwenye kudai kwamba amegundua dawa, na kila mwenye kutangaza habari za ajabu? Hapana. Kusikiliza siyo kukubali. Mwenye kuuliza naye ana wajibu wake, nao ni kuyaleta maneno yake mahali yanapoweza kupimwa, na kuwa tayari kushindwa. Hata Semmelweis alipungukiwa hapa. Alikawia mpaka mwaka 1861 ndipo akachapisha kitabu chake, na wapinzani wake akawaandikia barua za matusi akiwaita wauaji. Alikuwa na ukweli, lakini hakuutengenezea njia. Alifariki mwaka 1865, naye hajasadikiwa na wengi.

Mwaka uleule wa 1865, katika mji wa Brno, mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Augustino alisimama mbele ya chama cha wapenda elimu ya viumbe akasoma hesabu za njegere za bustanini. Jina lake Gregor Mendel. Mtu huyu alikuwa ameshindwa mtihani wa ualimu, wala hakuwa na cheo chuoni. Lakini kwa miaka minane hivi alipanda, akachavusha maua kwa mkono wake, akahesabu. Alipochanganya jamii ya mbegu laini na jamii ya mbegu zenye mikunjo, uzao wa kwanza wote ulitoka laini. Uzao wa pili ulipotoka, alihesabu mbegu laini 5,474, na zenye mikunjo 1,850; yaani karibu tatu kwa moja. Ile mikunjo haikuwa imepotea, ilikuwa imejificha. Waliomsikiliza hawakumcheka, lakini hawakumfahamu pia. Mendel alifariki mwaka 1884, na mpaka mwaka 1900 ndipo wataalamu wa nchi nyingine walipoifikia kanuni ileile, wakakuta kwamba mtawa yule alikwisha kuiandika.

Na asidhani mtu kwamba njegere za Brno hazituhusu. Katika nchi yetu watoto wengi huzaliwa na ugonjwa wa selimundu, nao hufuata kanuni ile ile. Baba mzima na mama mzima, ikiwa kila mmoja amebeba jeni moja ya ugonjwa huo bila kujua, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Ugonjwa ulijificha kwa wazazi kama mikunjo ilivyojificha katika mbegu laini. Ni nyumba ngapi zimevunjika kwa sababu mama alilaumiwa peke yake, au kwa sababu jirani asiye na hatia alishukiwa uchawi! Ile subira ya kuhesabu mbegu moja moja yaweza leo kumwondolea mwanamke aibu isiyo yake. Hiyo ndiyo faida ya ukweli uliopimwa: humtetea asiye na mtetezi.

Limebaki neno moja, nalo latugusa sisi wenyewe tulio waumini. Mwaka 1927 Padre Georges Lemaître, Mbelgiji, aliandika kwamba ulimwengu hautulii mahali pamoja, bali unapanuka. Einstein, ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea dunia nzima, alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi, lakini fizikia yake haifai kabisa. Padre hakugombana, aliendelea na kazi. Mwaka 1929 Edwin Hubble alitangaza vipimo vya mwendo wa makundi ya nyota ya mbali, na baadaye Einstein akalegeza msimamo wake. Mwaka 2018 wataalamu wa nyota wa mataifa yote walipiga kura, wakapendekeza kanuni hiyo iitwe kwa majina ya Hubble na Lemaître pamoja.

Lakini sifa ya padre huyu haikuishia hapo. Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pius XII alipoitaja elimu hiyo mpya kana kwamba inashuhudia uumbaji, walikuwako waumini wengi waliofurahi. Lemaître hakufurahi. Alishikilia kwamba elimu yake ya ulimwengu haithibitishi imani wala haiikanushi, nayo iachwe ipimwe kwa vipimo vyake yenyewe. Alikataa kuutumia ukweli mdogo aliokuwa nao kwa kazi ambayo hauwezi kuifanya, hata kwa faida ya upande wake mwenyewe. Hapo twaona kwamba unyenyekevu mbele ya ukweli ni sheria kwa wote: kwa mwanafunzi na mwalimu, kwa mkunga na daktari, kwa padre na kwa mtaalamu.

Basi, tulijibu swali tuliloanza nalo. Mtu mkubwa hana wajibu wa kukubali kila neno la mtu mdogo, wala hana wajibu wa kujua kila jibu. Wajibu wake ni huu: asilizime swali kwa cheo chake. Kama analijua jibu, alieleze. Kama halijui, akiri. Kama ana shaka, apime, au amwelekeze muulizaji kwa yule awezaye kupima. Kufanya kinyume cha hayo ni kumdhulumu mtoto kitu ambacho ni haki yake, na pengine ni kuwadhulumu na wengine ambao hawajazaliwa.

Enyi wazazi, jioni hii, mezani au pembeni mwa jiko, mtoto wenu pengine atawauliza kwa nini mwezi humfuata atembeapo, au kwa nini ndugu yake huugua kila mara na yeye haugui. Msione haya kumwambia, "Sijui, mwanangu, haya, tutazame pamoja." Maneno hayo hayatawapunguzia heshima. Kijana wa Magamba aliyasikia kwa mgeni, baada ya kuyakosa kwa waliokuwa karibu naye. Watoto wetu na wayasikie kwetu kwanza.