Nani Anaishi Chini ya Bwawa Lako?

Wiki hii nataka tufikirie jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia wahandisi na maafisa wa maji. Hebu chukua mkulima mwenye shamba kwenye mteremko. Amechimba bwawa la kunyunyizia nyanya na sukuma wiki. Ukuta wake ni wa udongo ulioshindiliwa kwa trekta, na umesimama miaka 20. Siku aliyoujenga, chini yake palikuwa malisho ya ng'ombe tu. Leo kuna nyumba 30, duka na chekechea. Ukuta wenyewe haujabadilika. Swali langu ni hili: je, wajibu wa mkulima huyu umebadilika?

Wengi watajibu haraka: hapana, ati yeye alikuwa hapo kwanza, hao wengine walikuja wenyewe. Ni jibu lenye uzito na nitalirudia. Lakini kwanza tuone vile mabwawa hupimwa.

Kule Marekani, bwawa huulizwa maswali mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni hali ya ukuta: je, ni ya kuridhisha, ya wastani, mbaya, au haikubaliki kabisa? La pili ni kiwango cha hatari: juu, kati au chini. Sasa sikiliza vizuri. Hilo la pili haliongei juu ya uimara wa ukuta hata kidogo. Linauliza tu: ukuta ukivunjika, nini kitapatikana huko chini? Kama huenda mtu akafa, bwawa ni la hatari ya juu, hata kama lilikamilika jana na kazi ni safi. Kama hakuna anayetarajiwa kufa lakini barabara au mali ya watu itaharibika, ni la kati. Kama hasara ni ndogo na karibu yote itabaki kwa mwenyewe, ni la chini.

Kwa hivyo mkulima wetu ametoka hatari ya chini akafika ya juu bila kugusa jembe. Kilichobadilika ni majirani.

Hapa kwetu, kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka mabwawa katika madaraja ya A, B na C kwa kuangalia kina cha maji, ujazo, na ukubwa wa eneo linalokusanya maji hayo. Lenye kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 lilihesabiwa la hatari ndogo. Vipimo hivyo vina maana, manake maji mengi yana nguvu nyingi. Lakini mita haimhesabu mtoto wa chekechea. Bwawa linaweza kuwa dogo kwenye karatasi na likawa kubwa mno kwa anayelala chini yake.

Wakenya hatuhitaji kuambiwa hili kwa mfano wa mbali. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, mvua ya masika ikiwa imezidi, bwawa la udongo la shamba la kibinafsi lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru. Zaidi ya watu 40 walikufa, watoto wakiwemo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Kwa bwawa, methali hiyo inapungukiwa, kwa sababu anayejenga ukuta upya si yule aliyebebwa na maji.

Mimi nilisomea biashara. Darasani tulifunzwa kwamba anayebeba hatari ndiye anayestahili faida. Ni kanuni nzuri, lakini bwawa linaipindua. Nyanya zinauzwa na mtu mmoja. Maji yakishuka, yanaingia nyumba ya mwingine. Faida inabaki juu, hatari inalala chini. Ndiyo maana mwenye bwawa akisema "hatari ni ndogo" lazima aulizwe: ndogo kwa nani?

Turudi kwa lile jibu la "nilikuwa hapa kwanza." Tuseme ukweli, ana hoja. Aliyeuza ploti kwenye njia ya maji ana sehemu yake ya lawama, na aliyepitisha ramani za nyumba hizo pia. Lakini angalia ni nani anayeweza kujua na ni nani anayeweza kutenda. Ukuta wa udongo mara nyingi hutoa dalili. Njia ya kupitishia maji ya ziada imezibwa na takataka. Miti imeota juu ya ukuta na mizizi inatafuta maji ndani. Fuko wamechimba. Maji yanavuja kwa chini, na yakianza kutoka na tope, ujue udongo wa ndani unabebwa. Mama anayepanga chumba kule chini hawezi kuona hata moja kati ya hizi. Akiingia shambani atafukuzwa na mbwa. Na hata angeona, hana ufunguo wa kupunguza maji. Kwa hivyo nasema wajibu haumfuati aliyechelewa kufika. Unamfuata aliyeshika maji.

Sheria ya Musa ilishalifikiria jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba anaagizwa aweke kizuizi pembeni mwa dari yake. Sheria haiulizi kama dari ni imara, wala kama aliyepanda juu alialikwa. Inamwangalia anayeweza kuanguka.

Kuna jibu lingine tunalolipenda sana sisi watu wa kanisa: "Mungu atalinda." Tarehe 6 Novemba 1977, saa saba na nusu usiku, baada ya mvua kubwa, bwawa la udongo lilivunjika juu ya chuo cha Biblia cha Toccoa Falls, jimbo la Georgia, Marekani. Watu 39 walikufa. Bwawa lilikuwa mali ya chuo chenyewe. Hao hawakuwa watu wasioomba. Baada ya msiba huo Rais Jimmy Carter aliamuru mabwawa ya hatari ya juu yasiyo ya serikali kuu yakaguliwe. Yalikaguliwa karibu 9,000, na takriban theluthi moja yakapatikana si salama. Sidhani wenye mabwawa hayo wote walikuwa waovu. Ila wema wa mwenye bwawa hauingii ndani ya udongo ukaushikilia.

Mbona basi watu wanakwepa kupimwa? Kwa sababu ukishajua, utalazimika kutoa pesa. Kutojua kuna raha yake. Lakini anayekataa kujua, huku wengine ndio watakaolipa, ameshaamua tayari, na amewaamulia bila kuwauliza.

Najua mhandisi ana gharama, na mkulima mdogo hana mkoba wa kampuni. Hata hivyo kuna mengi yasiyohitaji benki: kufyeka vichaka ili ukuta uonekane, kuzibua njia ya maji ya ziada, kupunguza maji kabla ya masika, kuita ofisi ya maji mapema, na kuwa na namba za simu za watu wa chini ili mtu aamshwe usiku. Na hao wa chini wanaokula mboga za shamba hilo na kupata vibarua hapo, si vibaya nao wakichangia. Tumefanya harambee kwa mambo madogo kuliko hayo.

Pengine huna bwawa. Lakini una nyumba za kupangisha zenye nyaya za zamani, au una matatu barabarani. Swali halibadiliki.

Kwa wenye mabwawa, nina ombi moja kabla mvua haijaanza. Teremka kwa miguu kutoka ukutani, fuata njia ambayo maji yangefuata, na uhesabu milango mpaka uifikie ya mwisho. Kisha panda tena, ukaangalie ukuta wako.