Mkono Ukandao na Kinywa Kisifucho

Kazi za nyumbani aghalabu hazihesabiwi miongoni mwa mambo yastahiliyo kufikiriwa na wenye hekima. Hudhaniwa kuwa hekima ina makao yake katika vitabu na mabaraza, na kwamba jikoni hamna kitu ila moshi na harufu ya vitunguu. Walakini jiko ni mahali ambapo swali moja zito huulizwa kila siku, na hujibiwa kila siku bila ya maneno: kazi ya mtu mmoja kwa shibe ya mwingine ina thamani gani, na nani ailipe? Swali hilo laweza kupimwa kwa chakula chochote, lakini liko wazi sana katika tambi mbichi za Italia, ambazo wenyewe huziita pasta. Tambi huuzwa dukani kwa bei nafuu, na hata hivyo wako watu wengi wanaokunja mikono ya nguo zao wakazitengeneza nyumbani kwa jasho. Je, mtu atumiaye saa mbili kwa jambo ambalo angelipata kwa dakika mbili ni mjinga au ni mwenye busara?

Haifai kuihukumu kazi kabla ya kuijua. Katika mji wa Bologna na jimbo zima la Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia, kipimo cha desturi ni yai moja kwa kila gramu 100 za unga laini wa ngano. Unga humiminwa juu ya ubao mpana, ukachimbwa shimo katikati, na mayai huvunjwa ndani yake. Hupigwa kwa uma taratibu, na unga wa pembeni huvutwa ndani kidogo kidogo mpaka lipatikane donge. Hapo kazi hutoka katika uma ikaingia katika viganja. Donge husukumwa mbele, hukunjwa, hugeuzwa, husukumwa tena, kwa muda wa dakika kumi au zaidi, mpaka ukavu wake wa kwanza uondoke na uso wake uwe laini. Kisha hufunikwa likalazwa nusu saa. Kila apikaye chapati aijua sharti hiyo ya kulaza unga: donge lisilopumzika hujivuta likarudi nyuma kila linaposukumwa, kama mtu aliyeamrishwa kabla ya kusalimiwa.

Sababu ya jambo hilo ilianza kufunuliwa katika mji huo huo wa Bologna. Mwaka 1728 mwanachuoni Jacopo Bartolomeo Beccari aliwaeleza wenzake jinsi alivyoosha donge la unga wa ngano kwa maji, wanga ukatoka, na mkononi kikabaki kitu chenye kunata na kuvutika kama ulimbo. Habari hiyo ilipigwa chapa mwaka 1745. Kitu hicho ndicho kiitwacho gluteni. Kukanda hukiunganisha, na kupumzika hukilegeza. Ndipo donge likubali kusukumwa kwa kifimbo kirefu mpaka liwe jamvi jembamba kiasi cha kuonyesha kivuli cha mkono ulio chini yake. Jamvi hilo huachwa likauke kidogo, likakunjwa, likakatwa kwa kisu kuwa tepe ndefu ziitwazo tagliatelle. Mchuzi wake wa asili ni wa nyama ya kusaga, uliounganishwa kwa kitunguu, karoti, figili ya majani na nyanya kidogo, ukaachwa juu ya moto mdogo kwa saa mbili au zaidi.

Basi mkono haufanyi mwujiza wowote. Lile ulifanyalo, chuma chaweza kulifanya, na kwa hakika chalifanya. Viwanda vya Italia huchanganya unga wa ngano ngumu na maji, vikalisukuma donge katika matundu ya kalibu, vikazikausha tambi na kuzituma duniani kote. Sheria ya nchi hiyo, namba 580 ya mwaka 1967, iliamuru kuwa tambi kavu zitengenezwe kwa ngano ngumu tu. Wala tambi kavu si kitu duni. Mchuzi wa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na chaza wataka spageti kavu. Mchuzi mzito wa nyama wataka tambi mbichi za mayai. Nyumba moja ya Kiitalia huwa na zote mbili, na mpishi mwenye akili haoni haya kufungua pakiti. Ajionaye bora kwa sababu tu amekanda mwenyewe amejipatia kiburi pamoja na chakula, na kiburi hakisaidii kumeng'enya.

Alitokea hata mtu aliyetaka tambi zifutwe kabisa. Tarehe 28 Desemba 1930, gazeti moja la Turin lilichapa tangazo la mshairi Filippo Tommaso Marinetti juu ya mapishi ya zama mpya. Alizishtaki tambi kuwa huwatia watu uzito, uvivu na huzuni, na kuwafanya wasifae kwa maisha ya kasi. Tambi hazikufutwa, na mashtaka yake sasa hukumbukwa kama kichekesho. Lakini kuna jambo moja la kuangaliwa katika mashtaka hayo. Marinetti aliuona uzito wa tumbo la mlaji. Uchovu wa mabega ya mkandaji hakuuona. Katika upungufu huo mshtaki na watetezi wake walikuwa ndugu, maana wapenzi wa tambi nao waliposimama kuzitetea walisema habari za utamu tu. Wote waliketi upande mmoja wa meza.

Wanaoitetea kazi hii ya nyumbani hutoa hoja tatu. Ya kwanza ni ladha. Husemwa kuwa jamvi lililosukumwa juu ya ubao hupata uso wa kukwaruza kidogo, na mchuzi hushika vizuri juu yake. Ni kweli, lakini hoja hiyo haimalizi neno. Huko Bologna yako maduka yauzayo tambi zilizosukumwa kwa mkono asubuhi ile ile, na apendaye ladha aweza kuinunua. Hoja ya ladha yaonyesha kwa nini zilwe; haionyeshi kwa nini zikandwe nyumbani.

Hoja ya pili ni akiba. Unga ni rahisi, mayai ni rahisi, na familia kubwa yaweza kushiba kwa fedha kidogo. Hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti moja tu, kwamba saa za mkandaji zisiandikwe katika daftari. Na ni nani aliyezoea kuziacha saa hizo nje ya daftari? Si yule azitoaye. Kitu chaonekana cha bure machoni pa mtu ambaye bei yake imelipwa na mwingine.

Hoja ya tatu ni urithi, nayo ndiyo yenye heshima kuliko zote. Mwaka 1972 kipimo cha tagliatella kiliwekwa rasmi katika Chama cha Biashara cha Bologna: ikiisha kupikwa iwe na upana wa milimita 8, ambao husemwa kuwa ni sehemu moja katika 12,270 ya urefu wa Mnara wa Asinelli. Mfano wake umefanywa kwa dhahabu. Mwaka 1982 mchuzi wake wa nyama nao ukaandikwa vivyo hivyo. Kuheshimu walichofanya wazee ni jambo jema. Hata hivyo urithi wa jikoni una tabia ya kujifanya mkongwe kuliko ulivyo. Nyanya ni mgeni aliyetoka Amerika, na Ulaya haikumjua kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Carbonara, ambayo watu huigombania kama mpaka wa shamba, ilipata kuchapwa katika jarida moja la mapishi la Italia mwaka 1954, nayo ilitiwa vitunguu saumu na jibini ya Kiswisi, vitu ambavyo walinzi wake wa leo huvikataa kwa hasira. Urithi basi si sanduku lililofungwa. Ni kazi ya watu waliopata hiki wakakosa kile. Na dhahabu yaweza kuhifadhi upana wa tepe, lakini haihifadhi majina ya waliozikata.

Majina hayo ni ya nani? Mashambani Emilia-Romagna, katika siku za kilimo cha nusu kwa nusu, ambapo mkulima alimgawia mwenye ardhi sehemu ya mavuno, familia kubwa ziliishi chini ya paa moja, na kila nyumba ilikuwa na mwanamke mkuu aliyeitwa azdora katika lugha ya huko. Funguo, kuku, moto na kifimbo vilikuwa mikononi mwake. Alikuwa na madaraka, na hapana haja ya kumfanya mtumwa katika masimulizi. Lakini madaraka hayo yalikuja pamoja na wajibu ambao hakuulizwa kama anautaka. Aliamka kabla ya wengine, akawasukumia jamvi watu kumi au zaidi, akaketi kula wengine walipokwisha kushiba. Alisifiwa sana, na sifa ilikuwa mshahara wake. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanamke huyo alisifiwa na wala hakutia maji, kwa kuwa hakuwa na pahala pengine pa kupeleka tembo lake. Sheria ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku mikataba mipya ya kilimo hicho, na vijana wakaelekea mijini na viwandani, wanawake wengi walikiweka kifimbo nyuma ya mlango bila ya kulia. Anayewalaumu kwa kununua tambi za pakiti hana budi kwanza aeleze kwa nini yeye hakukiokota kile kifimbo.

Mfano mmoja wafaa kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1891 Pellegrino Artusi, mfanyabiashara aliyezaliwa Forlimpopoli katika Romagna na kukaa Florence, alichapa kwa gharama yake mwenyewe kitabu cha mapishi ya nyumbani. Kilianza na mapishi 475, kikakua kwa matoleo mengi hata kikafika mapishi 790, na nyumba nyingi za Italia zikajifunza humo kupika na hata kusoma lugha moja. Artusi hakuwa na mke. Waliosimama mbele ya moto wakayajaribu mapishi hayo ni watumishi wake wawili, Marietta Sabatini na Francesco Ruffilli. Jina lililokaa juu ya jalada ni moja. Hadithi ingekoma hapo, ingekuwa hadithi ya kawaida ya dunia: mmoja akanda, mmoja asifiwa. Lakini Artusi alimtaja Marietta ndani ya kitabu na kulipa jina lake andazi moja tamu. Na alipofariki mwaka 1911, wosia wake uliwaachia watumishi wale wawili haki za kitabu. Alitambua kuwa sifa ni deni, na deni hulipwa kwa kitu chenye uzito kuliko maneno. Siku hizi huko Forlimpopoli wako wanawake wajiitao kwa jina la Marietta, na kazi yao ni kuwafundisha wageni kusukuma tambi kwa kifimbo.

Itajibiwa kwamba upendo haudai malipo, na kwamba mama apikiaye wanawe haandiki daftari. Neno hilo ni kweli katika kinywa cha mama, na ni hatari katika kinywa cha mlaji. Anayetoa aweza kusema kuwa hataki kitu. Anayepokea hana ruhusa ya kulisema kwa niaba yake. Tena zawadi haijulikani kuwa ni zawadi mpaka mtoaji awe na uwezo wa kuizuia. Mahali ambapo mtu hawezi kukataa, hata tabasamu lake haliwezi kusomwa vizuri, na wale alao chakula chake hawatajua kamwe kama wamependwa au wametumikiwa.

Kutokana na hayo jibu la swali la kwanza laweza kupatikana. Mtu akandaye tambi nyumbani hali ana njia ya kutozikanda si mjinga. Amechagua kutoa sehemu ya siku yake, ambayo hairudi, akaifanya iweze kuliwa na wengine. Hakuna pakiti iwezayo kubeba kitu hicho. Lakini thamani hiyo hukaa katika hiari yake, na hiari ikiondoka, tambi zile zile, zenye upana ule ule wa milimita 8, hugeuka kuwa kodi. Ndiyo maana desturi moja ya Bologna yastahili heshima kuliko kipimo cha dhahabu. Sikukuu ya Krismasi inapokaribia, tortellini, vifuko vidogo vya unga vyenye nyama na jibini ndani, huhitajika kwa mamia kwa ajili ya mchuzi mwepesi wa jogoo. Mtu mmoja hawezi kuvifunga vyote pasipo kuchoka sana. Kwa hiyo katika nyumba nyingi meza huzungukwa na jamaa, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akakunja kadiri ya ustadi wake. Vya mtoto hufunguka majini, na huliwa vivyo hivyo. Hapo msifu na msifiwa wana unga katika vidole vilevile.

Kipimo cha haki ya jikoni ni chepesi, na kila mlaji aweza kujipima nacho. Asifiaye chakula cha mkono na aulize ni mkono wa nani, kama ulitaka, na kama nao umekwisha kula. Akiona majibu yanamwelemea, kuna unga, kuna mayai, na kifimbo kipo nyuma ya mlango.