Nasaha kwa Wazazi Juu ya Kuwachanja Watoto Ugonjwa wa Kupooza

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetupa viungo vilivyo sawa na akatuamrisha kuvihifadhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zangu Waislamu, jueni kuwa mtoto ni amana. Hana ulimi wa kujitetea, na mwili wake umo mikononi mwa babaye na mamaye. Katika amana hiyo imo miguu yake, ambayo kwayo atasimama katika Sala na kuitafuta riziki ya halali. Maneno yetu ya leo ni juu ya miguu hiyo.

Uko ugonjwa uitwao polio. Huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa jicho, kitokacho katika choo cha aliyeambukizwa, kikaingia kinywani mwa mwengine kwa maji, chakula au mikono isiyooshwa. Wengi wanaoingiwa nacho hawaonyeshi dalili yo yote, na hapo ndipo penye khatari, kwani huwaambukiza wenziwao na hali hawajijui. Lakini katika kila watu 200 hivi, mmoja hupooza, na aghlabu ni mtoto wa chini ya miaka 5. Na katika kila 100 waliopooza, 5 hata 10 hufa kwa kushindwa kuvuta pumzi. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Una kinga tu, na kinga ni kabla, si baada.

Wako wasemao: "Mimi namtegemea Mungu, alilomwandikia mwanangu litampata." Neno hili ni la haki, lakini limewekwa si mahala pake. Mtume s.a.w. alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na Sayyidna Umar r.a., alipopata khabari ya tauni naye yu njiani kwenda Sham, alirejea na watu wake. Abu Ubaida alipomuuliza, alimfahamisha kuwa kurejea kwao nako ni katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Basi na chanjo ni vivyo hivyo.

Wako na wasemao: "Twasikia matone hayo yametiwa kitu cha kukata uzazi." Twawauliza: mmesikia kwa nani, naye ameshuhudia nini? Kila mwanafunzi wa madrasa aijua kanuni ya maulamaa wetu, kwamba yakini haiondolewi kwa shaka. Mwenye yakini ya udhu wake, kisha akashuku kuwa umetenguka, udhu wake ungalipo. Mbona basi katika udhu twaishika kanuni, na katika miguu ya watoto twaipindua? Madhara ya polio ni yakini. Uvumi huo ni shaka tupu.

Zingatieni yaliyopita Nigeria. Mwaka 2003, huko Kano, chanjo ilisimamishwa kwa sababu ya uvumi huo huo, na haikurejea mpaka mwaka 2004, baada ya kuletwa matone yaliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini kijidudu hakikungoja. Kilitoka Nigeria, kikavuka nchi baada ya nchi, hata mwaka 2005 kikafika Yemen na Indonesia yenyewe, kikawapooza mamia ya watoto wasiohusika hata kidogo na maneno ya Kano. Tazameni: neno lisilo ushahidi lilisemwa mji mmoja, na walioilipa gharama yake ni watoto wa mbali. Kisha masultani na masheikh wa huko walisimama kuwahimiza watu, chanjo ikaenea, na mwezi wa Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa eneo lake la Afrika limesalimika na polio ya asili.

Wala mtu asilale kwa khabari hiyo. Mwaka 2022 polio ya asili ilionekana tena kwa jirani zetu, Malawi na Msumbiji. Na mwaka 2023 mtoto mmoja wa Rukwa, hapa Tanzania, alipooza kwa polio ya namna nyengine, itokanayo na kijidudu kilichodhoofishwa cha matone, kikazunguka muda mrefu baina ya watoto wasiochanjwa hata kikarejewa na nguvu. Hilo hatulifichi. Lakini kinga yake ni ile ile, kwani kijidudu hicho hakipati njia pale watoto wote walipochanjwa.

Basi mpelekeni mtoto azaliwapo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, akamilishe matone na sindano yake. Wachanjaji wakibisha mlangoni, wafungulieni, hata kama mtoto amekwisha kupewa, kwani kuzidishiwa hakumdhuru. Baba asimwachie mama peke yake jambo hili, wala mama asikae kungoja idhini ya mume aliye safarini na hali siku ya mtoto yapita. Na nyinyi walimu wa vyuo, semeni na wazazi wa wanafunzi wenu, kwani neno lenu wanalisikia.

Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Tusije tukaulizwa juu ya mguu wa mtoto, tukawa hatuna jawabu ila "nilisikia watu wakisema."

Ewe Mola wetu, walinde watoto wetu, utuongoze kwenye lenye manufaa nao, na utuepushe na kunena tusilolijua. Amin.

Wabillahi t-tawfiq.